Si Yeye Aliyebadilisha Kioo Kile

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Fundi Taratibu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye karakana yetu ya saa. Nimeombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Ufupi nitajitahidi. Kuchangamsha mtanisamehe, maana nina hasira.

Nianze na mazuri. Alianza kwa kubadilisha mikanda, akapanda mpaka saa za zamani za kutia ufunguo. Tulimbatiza Taratibu kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mwenye haraka. Mteja mmoja alimwambia, "Mzee, hata hii saa mbovu inakwenda kukuzidi wewe!" Fundi hakuinua macho. Alimjibu kwamba ndiyo maana iliyoletwa kutengenezwa ni saa, si yeye.

Sifa yake kubwa ni vioo vyenye mikwaruzo. Saa nyingi za zamani zina kioo cha plastiki kilichobinuka. Wengine wakiona mikwaruzo wanang'oa tu. Yeye hubandika selotepu kuzunguka fremu, anapitisha msasa laini uliolowa, halafu dawa ya kung'arishia na kitambaa, viduara vidogo vidogo, huku akipumzika kioo kipoe. Mwisho anapitisha ukucha. Ukikwama hata chembe, anaanza upya. Mimi nilikuja hapa mapokezi mwanangu akiwa na miezi minne, shule yangu ya kuungaunga, na Fundi akanifundisha hayo yote wakati wa chai. "Mama, mkono wako hauna papara," aliniambia. Sijawahi kupewa cheti kitamu kama hicho.

Sasa hasira yenyewe. Mwaka jana muuguzi mmoja alileta saa ya marehemu baba yake. Kwenye kadi ya kazi ya saa hiyo niliandika kwa mkono wangu: kung'arisha tu, kioo kisitolewe. Fundi alikuwa likizo, kwao, anapaka nyumba rangi. Meneja akasema mteja hasubirishwi. Akang'oa kioo yeye mwenyewe, kikapasuka. Akakandamiza kipya, bapa, kikaulalia mshale wa sekunde, na saa ikasimama. Muuguzi alilia pale kaunta kama amefiwa mara ya pili.

Barua ya onyo akaandikiwa nani? Fundi Taratibu! Eti meza ni yake! Hivi mtu anavunja kioo akiwa juu ya ngazi na brashi ya rangi, safari ya siku nzima kutoka hapa?

Hakubishana. Aliunyoosha ule mshale, akatoa kioo cha saa yake mwenyewe, akaking'arisha na kukiweka kwenye ya muuguzi. Saa yake iko kwenye droo mpaka leo, uso wazi.

Nami nilinyamaza. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Nilipomwambia nataka kusema, alinikataza: "Lea mtoto kwanza, mwanangu." Nikalea, na aibu nikailea pamoja naye.

Leo chuo cha ufundi kinamtaka Fundi akafundishe vijana, ila kinadai cheti cha utumishi mwema. Ofisi inasema mwenye onyo kwenye faili hapewi. Onyo moja, la uongo, katika miaka thelathini na mmoja!

Basi asubuhi ya leo nimepeleka mezani kwa Meneja kadi ile ya muuguzi pamoja na maelezo yangu, yamesainiwa. Aliyasoma amesimama, kisha akakaa. Akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nikamwambia ndiyo, bosi, na nakala ninayo.

Fundi wetu, asante kwa mikono yako na kwa kutuvumilia sote, hasa sisi tuliochelewa kufungua kinywa. Nenda kwa afya na heshima yako kamili, ukafundishe wengi. Ijumaa Meneja ndiye atakayekukabidhi bahasha inayopaswa kuwa na cheti chako. Tafadhali usiiweke mfukoni. Ifungue palepale mbele yetu, taratibu.