Mama Adesi na Kilo Mbili Zilizokosekana

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Adesi, alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Mkunga alisema kichanga kina sauti ya mnadani, na hakukosea.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Alitamani kuendelea, lakini walitangulizwa kaka zake. Haikuwa haki, na leo hatuoni sababu ya kulipamba jambo hilo. Mwaka 1979 alijilipia mwenyewe masomo ya jioni ya upishi, akapata cheti.

Tarehe 1 Julai 1981 aliajiriwa kuwa mpishi wa bweni la wanafunzi wa kigeni, akadumu huko miaka thelathini na nne. Siku moja nyama haikuletwa, na stoo ilikuwa na gunia moja tu la adesi, zile mbegu ndogo bapa ambazo wengine huziita kamande. Akazichemsha kwa chumvi. Wanafunzi wakaanza kuzozana, kila mmoja akiapa kwamba kwao hazipikwi hivyo. Marehemu akagonga mwiko mezani. "Mdomo haupiki! Anayejua aje jikoni anioneshe."

Wakaja. Mturuki alimfundisha supu ya adesi nyekundu zilizopondwa, inayokamuliwa limau mezani. Mhabeshi alimfundisha kukaanga vitunguu bila mafuta mpaka vilegee, ndipo pilipili iingie. Mhindi alimimina juu ya sufuria samli ya moto yenye bizari nyembamba, ikalia chwaa! Mlebanoni alizichanganya na wali, na vitunguu vilivyobakiza kidogo kuungua. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyelala njaa kwa kuwa mgeni.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi bomba wa bweni hilo. Walijuana kwenye sinki lililoziba. "Dada, bomba lako limekula adesi kuliko wanafunzi," fundi alimtania. "Basi limeshiba," akajibu, "ndiyo maana halina maneno mengi kama wewe." Walijaliwa watoto watatu.

Februari 2023 chakula kilianza kumkwama. Vipimo vilionesha uvimbe kwenye koo la chakula. Daktari alieleza kwamba dawa ni kali, na mwili wa kilo thelathini na tisa usingeihimili. Ilibidi kwanza afike kilo arobaini na tano. Kitindamimba wake aliomba likizo ya ualimu na kuhamia jikoni. Kila Jumatatu walikwenda kwenye mizani ya hospitali.

Kijana alianza na supu ya Mturuki, akiichuja mara mbili. Arobaini na moja. Akapika ya Mhindi, bila pilipili. Arobaini na tatu! Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Kisha kwa haraka zake akatia nyanya mapema, na adesi zikagoma kuiva, kwa kuwa ukali wa nyanya huzikaza. Marehemu akaonja ncha ya kijiko. "Mwanangu, hizi ni changarawe. Wape kuku. Ah, hapana, kuku wana kosa gani?"

Wiki tatu zilizofuata mizani haikusogea. Koo lilikuwa linajifunga, na kijana hakuwa na mapishi mengine. Jumatatu ya tarehe 7 Agosti alimfunga mama yake kiunoni, chini ya gauni, mfuko wa kilo mbili za adesi. Mizani ikasoma arobaini na tano. Mama alipokuwa akishuka, fundo likalegea, mbegu zikamwagika sakafuni.

Muuguzi akazitazama. "Mama, na hizi zinaumwa?"

"Usimgombeze," marehemu akasema. "Nimeshindwa kuzila, akaamua nizivae."

Daktari hakucheka. Alisema dawa hupimwa kwa uzito, na kilo mbili za uongo zingeweza kumuua. Kitindamimba alipiga magoti akaziokota, na mama yake akamwekea mkono kichwani mpaka alipomaliza. Nyumbani alimwambia, "Ulifanya uwezavyo, baba. Sasa kaa tu na mimi." Akakaa. Hakukuwa na kingine cha kufanya.

Aliyewashibisha watu kwa miaka thelathini na nne alikosa kilo mbili za mwili wake mwenyewe. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 15 Septemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, wifi zake wawili, na wanafunzi walioandika kutoka nchi tisa wakiuliza alikuwa anakula nini siku za mwisho. Tumewajibu: maji ya supu, vijiko viwili.

Apumzike kwa amani, mama yetu, mahali pasipo na mizani.