Kuku wa Mama Kashaija na Chumba Kilichokataa Kuwa Stoo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dkt. Prudencia Kashaija, mkuu wa maabara ya seli za neva katika taasisi yetu hapa Kirumba, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Waliotabiri kwamba maabara yake ingestaafu kabla yake wanaombwa wakae viti vya mbele, awaone vizuri.

Mama Kashaija, kama tunavyomwita, alikuja Mwanza kutoka Kamachumu na sanduku moja na swali moja. Ilishajulikana kwamba asetilikolini ni kemikali inayopeleka ujumbe kutoka kwenye neva kwenda kwenye msuli. Ukiinua kikombe cha chai, imetumwa hiyo. Yeye alitaka kujua mbona inaonekana pia kwenye neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo wakati kiinitete bado ni kichanga, hakijawa na msuli wa kuuamrisha. Alishikilia kwamba huko inazilea seli changa: inaziambia zipunguze kugawanyika, zianze kukomaa.

Ushahidi aliutafuta ndani ya mayai ya kuku: seli za vifaranga wachanga, nyingine akiziongezea asetilikolini na nyingine akiziacha, alinganishe. Ndiyo maana hapa kwetu hakuna anayethubutu kuagiza chipsi mayai mbele yake.

Miaka minane iliyopita, uongozi ulichoka kusubiri. Ikasemwa kwamba jopo la wakaguzi litakuja, na lisipoona matokeo, chumba kigeuzwe stoo. Kama vile haitoshi, umeme ukakatika, mashine ya kutotolea ikapoa, na mayai yote yakaharibika. Mwingine angefunga virago. Mama Kashaija alikwenda Igoma, akarudi na kuku wa kienyeji wanaoatamia, akawapanga kwenye chumba cha pembeni. Mkurugenzi alipouliza kuku wanatafuta nini kwenye jengo la utafiti, alijibiwa kwa upole wote wa Kihaya kwamba hizo ni mashine zisizotumia umeme.

Sasa tumlete Ndugu Shigela, mtunza stoo wetu, ambaye ndiye aliyekuwa ameahidiwa chumba kile. Aliwaona kuku wanajikuna, akawahurumia. Akawapaka dawa ya unga ya utitiri, wao na viota vyao, kama afanyavyo nyumbani kwake. Hakumwambia mtu.

Majibu yalipotoka, hayakutusaidia. Seli zilizoongezewa asetilikolini zilikomaa mapema, na zile ambazo hazikuongezewa kitu nazo zilikomaa mapema vilevile. Bila tofauti hakuna cha kumwonyesha mkaguzi. Shigela aliposema alichokifanya, koridoni maneno yakawa mengi: amefanya makusudi, anakitaka chumba. Maskini, aliapa hadi akatokwa machozi. Mama Kashaija alimfokea mpaka wauza dagaa wa soko la Mwaloni wakasikia, kisha ghafla akamuuliza ni dawa gani.

Dawa za aina ile huua wadudu kwa kukizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Nayo ilikuwa imepenya maganda, kwa hiyo ndani ya mayai yale, asetilikolini ya kifaranga mwenyewe ilikuwa haiondoki. Ilirundikana, ikafanya kazi ileile aliyokuwa akiitafuta, bila yeye kuongeza hata tone! Alicheka, akamkumbatia Shigela, akaagiza kuku wengine kutoka Kamanga. Baadhi hawakuguswa na dawa. Baadhi Shigela aliwapaka, safari hii kwa ruhusa. Seli za mayai ya waliopakwa zilikomaa mapema tena, lakini baadhi yake ziliwekewa kitu kinachoziziba masikio, tuseme, zisiisikie asetilikolini. Hizo ziliendelea kugawanyika tu, kana kwamba hazijaambiwa kitu.

Wakaguzi walikuja, wakainamia hadubini mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti wao alitoka akisema chumba kile kisiguswe. Jamani, vigelegele vya Bernadeta wa mapokezi siku ile! Makala ya utafiti ilipochapishwa, Shigela alitajwa kwenye shukrani, na ukurasa huo ameutundika sebuleni.

Leo Mama Kashaija anamkabidhi maabara Dkt. Gladness Mashimba, mwanafunzi wake, na kurudi kwenye migomba na kahawa yake. Tutaukosa ukali wake wa Jumatatu, na senene aliokuwa akituletea kila msimu huku akituonya tusiwamalize kabla hajakaa.

Mama, asante sana. Tunakuombea afya, furaha na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Zawadi yetu ni kuku mmoja wa Igoma anayeatamia. Shigela anaapa hajampaka chochote. Stoo yake bado imebanana, maboksi yamejaa koridoni, na kila asubuhi tunayaruka tukielekea kazini. Yeye mwenyewe ametuomba tukwambie kwamba hataki chumba kingine.