Mama Kitalu na Bustani Aliyoilaza Kiangazi

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza naomba mjue kwamba historia hii marehemu dada yangu aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, akanikabidhi mimi mdogo wake wa mwisho, kwa sharti kwamba isomwe yote bila kurukwa hata mstari, na katika nafasi aliyoacha wazi nijaze tarehe tu. Nitaisoma kama alivyoiandika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kitalu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba seremala na mama mkulima, naye kwa maneno ya mama yake alikuwa mtoto mkaidi asiyekaa ndani. Alianza shule ya msingi mwaka 1965 akaimaliza mwaka 1971, akafaulu, lakini hakuendelea, kwa kuwa mwaka huohuo alizaliwa mdogo wake wa mwisho, ndiye huyo anayewasomea, mama akaugua kwa muda mrefu, na mtoto alihitaji mgongo wa kumbeba. Marehemu hakuwahi kumsimanga kwa hilo, na hata leo analitaja kwa sababu historia inataka sababu.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa kama kibarua katika kitalu cha miche cha manispaa, akijaza udongo kwenye viriba kuanzia asubuhi hadi kucha zikaacha kutakata, akapandishwa kuwa msimamizi mwaka 1991, akastaafu tarehe 30 Juni 2012, baada ya kufanya kazi chini ya wakubwa saba, ambao watano kati yao kila kilichoota walikiita "majani" tu. Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na dereva wa gari la maji la manispaa, mtu mpole, ambaye uchumba wake wote ulikuwa kuleta maji kitaluni hata siku za mvua. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1983 na wa kiume mwaka 1987, na mumewe alitangulia mbele za haki tarehe 21 Januari 2009.

Mwaka 1985 walihamia katika nyumba hii, ambayo uwanja wake wa mbele ulikuwa kifusi cha mafundi, vipande vya matofali na misumari, na marehemu alikichambua kwa miezi minne, akachanganya udongo na samadi, akapanda waridi kando ya njia, asumini ukutani, yungiyungi chini ya madirisha, na mlimau kwenye kona. Kwa miaka thelathini na minane alifuata mwaka wa bustani bila kukosa: mvua zikianza anapanda na kugawa mashina, zikikolea anang'oa magugu na kufungulia maji njia, baridi ikiingia anatia samadi, na kiangazi kinapokaribia anailaza. Kulaza ni neno lake mwenyewe. Aliyakata mawaridi hadi usawa wa goti, akaunyoa mwasumini hadi ukabaki fimbo, akaacha kuyamwagilia yungiyungi mpaka majani yakauke na vitunguu vyake vilale ardhini, kisha akafunika vyote kwa majani makavu, na mtu asiyejua angeapa kwamba pale kuna kaburi la bustani. Mvua ya kwanza ikishuka, kila kitu kilichipua ndani ya wiki mbili.

Mwaka 2019 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, na tarehe 2 Agosti 2023 alilazwa hospitali kwa upasuaji. Wiki moja kabla ya hapo, ameshika kiuno kwa mkono mmoja na mkasi kwa mwingine, aliilaza bustani, akawaita watoto wake na mdogo wake kibarazani, akawaambia, "Msiguse kitu mpaka mvua zinyeshe." Wote wakaitikia sawa.

Aliruhusiwa tarehe 5 Oktoba. Walimshusha garini wamemfumba macho kwa kanga, wakicheka, wakimwambia kuna sapraizi, na walipomfumbua alikuta uwanja wote umesakafiwa kwa vitofali vya saruji, kuanzia getini hadi mlangoni, hata mlimau haupo, na kando ya mlango vyungu viwili vya maua ya plastiki. Walimweleza kwamba mimea yote ilikufa alipokuwa hospitali, kwamba walitaka asihangaike tena na jembe, na kwamba sasa magari matatu yanaingia. Marehemu aliwaambia, "Poleni na kazi," akaomba apelekwe kitandani.

Mvua za kwanza zilinyesha tarehe 11 Novemba. Alikaa kibarazani, akatazama maji yakiteleza juu ya vitofali na kutokea getini, na siku hiyo hakula. Marehemu anataka ijulikane kwamba ameumia, na ameumizwa na watu wake. Walikulia katika bustani ile, walipigia picha za harusi zao ndani yake, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeinama hata mara moja akaona kwamba inalala na kuamka. Hata hivyo hawakujua. Ameamua kuliamini hilo, na kwa ajili hiyo amewasamehe.

Anawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, jirani yake mshonaji aliyemletea chai kila asubuhi bila kumwuliza habari za bustani, na wenzake wa kitaluni waliokuja kumwona, wakafika getini, wakaangalia chini. Marehemu alifariki dunia tarehe 17 Februari 2024, nyumbani kwake, ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na mdogo wake mmoja aliyebaki.

Maandishi yake yanaishia hapo, na tarehe hiyo ndiyo niliyoruhusiwa kujaza. Naongeza mengine bila ruhusa. Siku ya kung'oa niliyekuwa nasimamia ni mimi, na fundi wa vitofali aliparua gome la waridi kwa ukucha, akanionyesha, akaniuliza, "Mzee, mbona hii mbichi?" Nikatazama, ilikuwa mbichi. Lori lilikuwa limeshashusha vitofali, vibarua wamesimama wananingoja, nikaona haya kuwarudisha, nikamwambia ang'oe tu, na watoto nikawaambia imekufa. Wao hawakujua, dada. Mimi nilijua, na miezi minne nilikaa karibu na kitanda chako nikakuacha unisamehe kwa kosa dogo kuliko nililolitenda.

Upumzike, dada yangu, kwa amani tuliyokunyima nyumbani kwako.