Mama wa Herufi Nene

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli.

Alianza shule mwaka 1958. Mwandiko wake ulikuwa mnene hivi kwamba maneno manne yalijaza ukurasa, na mwalimu alimtania babu kuwa binti huyu atamfilisi kwa madaftari. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1971, akaajiriwa na kiwanda cha uchapaji kuchonga herufi za mbao za mabango.

Hapo alikutana na Baba, fundi wa mitambo, siku mashine ilipokamata mkono wa gauni lake. Baba husema mpaka leo kwamba mashine ndiyo iliyoposa. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974.

Mzaliwa wao wa kwanza, msichana, alizaliwa Juni 1976 na hakufikisha miezi miwili. Baada ya matanga Mama alirudi kazini akachonga herufi ambazo hakuna aliyeziagiza: nene, za mviringo, zisizo na kona. O ilikuwa na mashavu, a ilikuwa na kitumbo, s ilijikunja kama mtoto aliyelala. Wateja walizigombania. Zikauza sabuni, peremende, midoli; mtaa mzima ukawa kama unacheka.

Mwaka 1980 Baba aligundua kuwa herufi hizo hazienei tena kwenye fremu za kuchapia. Alidhani mbao zimevimba kwa unyevu, akazianika. Zikaendelea kukua, ilhali herufi nyingine za kabati lilelile zilibaki zilivyo. Alipomweleza Mama, yeye aliweka kikombe chini taratibu.

"Ana miaka minne sasa," alisema. "Ulitaka abaki vilevile?"

Baba alitengeneza fremu kubwa zaidi.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1994, Mama alizileta herufi nyumbani, kwenye kabati la chumbani kwake. Wakati huo mashavu yalikuwa yamepungua na shingo zimerefuka. Mimi na kaka yangu, tuliozaliwa baadaye, tulisikia mbao zikigongana humo. Tuliambiwa ni panya, tukakubali, ingawa panya hawanyamazi wakiimbiwa, na Mama alikuwa akiimba.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alivumilia bila kulalamika, akiwafanyia madaktari mzaha kwamba ameolewa na dawa nyingi kwa mpigo. Tarehe 3 Machi 2022, mchana, aliomba kabati lifunguliwe, akawekewa herufi m kiganjani. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Leo yeye ndiye amenishika," alisema, na baada ya muda mfupi akakata roho. Tulipoichukua ile herufi ilikuwa na joto, na kesho yake ilikuwa nalo bado.

Mama ameacha mume, watoto na wajukuu watano. Awali kwenye wasifu huu nilikuwa nimeandika watoto wawili. Baba alisoma, akachukua kalamu, akalikata neno wawili, akanirudishia karatasi.

"Andika watatu," aliniambia. "Dada yenu asubuhi hii ameniuliza mama yake yuko wapi."

Basi ameacha watoto watatu.

Pumzika, Mama. Dada tutamtunza.