Nilifungwa kwa Kosa ya Bwana Yangu

Bamama na bababa, amani ya Mungu ikae nanyi. Munivumilie. Sijazoea kusimama mbele ya batu.

Wakati wa vita, bwana yangu aliyenioa alipigana na mwenzake kule Kazimia, akamuvunja mukono. Kosa ilikuwa yake, sikatai. Alipoona basoda ba jeshi banamutafuta, akavuka ziwa. Basi bakanikamata mimi, na mutoto wa kunyonya mugongoni. Siku tatu ndani ya kasho! Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikuuliza kitu. Nilipiga magoti kwa komanda, nikaomba musamaha kwa mukono ambao sikuugusa. Na baliponifungua, nikabapelekea kuku ya kushukuru. Munacheka? Chekeni tu, na ninyi mulifanya hivyo. Tuliona bibi ni wa bwana yake, basi hata kosa ni ya bote wawili.

Kisha mama mumoja akaleta mafundisho ya haki kwenye kanisa yetu, pale Swima. Akauliza: "Nani alishafungwa kwa kosa ya muntu mwingine?" Mikono ikapanda, mumoja, kisha mingi. Akasema: "Sheria ya inchi inasema kosa ni ya ule aliyeifanya. Bibi yake, mama yake, hapana." Nilikasirika sana. Nilihurumia hata ile kuku.

Haikupita muda, basoda bakarudi. Sasa balimutaka mama mukwe. Alikuwa ameisha kufunga kitenge, tayari kwenda. Nikasimama mulangoni.

"Huyu mama, yeye mwenyewe alifanya nini?"

"Mutoto wake alivunja muntu mukono," mukubwa wa basoda akajibu.

"Sikuuliza mutoto. Nauliza yeye."

Bamama majirani, bale tuliosoma nabo, bakatoka bakasimama karibu yangu. "Mukimubeba, tunaenda sisi bote, na tutauliza vilevile mbele ya komanda." Ule mukubwa angeweza kutupiga, sitawadanganya. Alituangalia, akaenda na basoda bake.

Bwana yangu alirudi, akaenda mwenyewe kuomba musamaha kwa ule aliyemuumiza. Namushukuru. Namushukuru mama aliyetufundisha, na majirani bangu zaidi.

Lakini musikie. Siku ile basoda balipoenda bila yeye, mama mukwe alikaa chini, akaniuliza polepole: "Kumbe muntu anaweza kuuliza?" Alishafungwa mara mbili katika maisha yake, kwa kosa ya baba yake na kwa kosa ya bwana yake. Bafundisheni batoto benu mapema. Yeye alijua akiwa na mvi.