Alphonce na Chumvi Isiyoganda

Ndugu waombolezaji, tuliyemleta leo hapa Mwandiga ni Alphonce Yona Ntakarutimana, na historia yake tutaisoma ilivyo, bila kuiremba.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa, mtoto wa tatu wa Mzee Yona na Mama Agnesi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1987 hadi 1993, sekondari mjini Kigoma hadi 1997, kisha ufundi wa maabara Dar es Salaam, akarudi mwaka 2001 kupima maji ya ziwa. Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa na Honorata kule Ujiji, wakajaliwa Winfrida na Bariki.

Mwaka 2021 wakamuaji wa mawese walimwita, maana maji yao machafu, yaliyochacha na kujaa asidi, yalikuwa yanateremka na kijito hadi ziwani, naye akaleta kimiminika cha ioni, yaani chumvi iliyo majimaji yenyewe bila kuyeyushwa, ukiitikisa pamoja na maji yale inazoa asidi, kisha inajitenga. Ili aeleweke akaiita chumvi tu, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu watu waliokula chumvi ya Uvinza tangu utotoni wakasema chumvi haijamdhuru mtu. Juni 2023 alipima akakuta kiasi cha chumvi ile kinabaki ndani ya maji yaliyosafishwa, vifaranga vya samaki alivyovitia humo vikafa vyote, akayafungia mapipa manne ya maji hayo stoo kwa kufuli, akasimama kwenye kikao cha wakamuaji akasema, "Kuiita chumvi nimekosea mimi, lakini maji haya hayaendi ziwani." Mwenyekiti wao, Mzee Telesphory, akamjibu, "We Alphonce, jana dawa, leo sumu, tukushike wapi?" Wakaachana wamenuniana, na mara mbili kufuli likakutwa limegongwa nyundo.

Tarehe 2 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini mjini, na kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kwanza habari za mapipa, hadi alipofariki tarehe 19, saa nne asubuhi. Mnaonong'ona kwamba chumvi yake ndiyo iliyomuua, daktari amesema ni shinikizo la damu, anayebisha na abishe mbele yetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi msibani, wenzake wa maabara mliorudia vipimo vyake mkakuta ni kweli, na Mzee Telesphory, aliyekuja jana na wakamuaji wote, akafunga stoo kwa kufuli jipya, ufunguo akamkabidhi Honorata, hakuomba radhi wala hatukumdai. Pumzika kwa amani, Alphonce, maji yale hayajamwagwa.