Bibi Mizani na Herufi Aliyoisoma Vibaya

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunaomba mtuazime masikio tuwasimulie maisha ya dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bibi Mizani, mfamasia kwa kazi na msomaji wa sarafu za kale kwa mapenzi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa posta na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati, na ni katika uwanja wa zahanati hiyo, mwaka 1955, mafundi walipokuwa wakichimba msingi, alipookota kipande cha shaba kilichoota kutu ya kijani, akakiloweka siku kumi mpaka uso wa mtu ukachomoza, akauliza nyumba nzima huyu ni nani, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akaanza kutafuta mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1954 hadi 1961, sekondari 1962 hadi 1965, kisha chuo cha famasia alikohitimu tarehe 6 Desemba 1968, na mwezi uliofuata akaajiriwa katika chumba cha dawa cha hospitali, alikotumikia miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu mwaka 2004, na humo, saa ya mapumziko, aliipandisha sarafu moja moja kwenye mizani ya dawa, maana sarafu ya kweli ina uzito wake na ya kughushi hukwama hapo, ndipo wenzake wakambandika jina.

Fundi cherehani wa mtaa wa pili alimletea kiduara cheusi, akaomba aambiwe ni cha mfalme gani, naye Bibi Mizani akakitazama kwa lenzi, akakigeuza, akasema, “Fundi, hiki ni kifungo cha koti,” fundi akajibu, “Najua, dada, nimekikata mwenyewe kwenye koti langu, nilikosa sababu ya kuja,” wakafunga ndoa tarehe 18 Novemba 1972, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili alitutoka akiwa na miezi saba, na wa tatu ni mpima ardhi.

Mwaka 1988 aliitambua sarafu ya fedha iliyokuwa kwenye makumbusho bila maelezo, akaikisia herufi moja iliyofifia, akaandika makala kuonyesha ni ya mtawala fulani, makala ikasifiwa, kibandiko kikaandikwa, na kwa miaka minane wanafunzi walifundishwa hivyo, hadi Juni 1996 fundi bomba alipomletea sarafu nyingine kutoka kwenye mtaro, yenye mstari mwembamba unaotoka puani mwa yule mtawala hadi ukingoni, na ile ya makumbusho ilikuwa na mstari uleule, kumaanisha zote mbili zilipigwa kwa muhuri mmoja wenye ufa ulioacha mstari huo, ila hii mpya haikuchakaa, na herufi ambayo dada yetu aliikisia ikasomeka wazi kuwa ni nyingine kabisa.

Siku tatu hakula vizuri, mume wake akimwekea chai na kuikuta imepoa, na alipompelekea mtunza makumbusho habari hiyo, yule bwana akamwambia, “Dada, nani ataona? Yaache yalivyo,” naye akajibu, “Nimeona mimi, inatosha,” akaandika masahihisho kwa jina lake mwenyewe, baadhi ya waliomsifu wakamcheka, na kwa karibu miaka miwili hakuna aliyemgongea mlango na sarafu mkononi.

Lakini ukweli haukumtupa, kwani herufi ile sahihi ilionyesha kwamba sarafu zote mbili zilipigwa katika mji mdogo ambao wasomi walidai haukuwahi kupiga sarafu, na mwaka 1998 makumbusho yaleyale yakamkabidhi sanduku la sarafu 231 zisizojulikana, yakisema yanamtaka mtu anayeweza kujisahihisha, akazitambua 212, na zile 19 akaziandikia kwa mkono wake, “Bado sijui, jaribu wewe.”

Presha ya macho ilimwanza mwaka 2015, akapoteza uwezo wa kuona mwaka 2018, akaendelea kuwafundisha vijana kusoma sarafu kwa kuzipapasa kwa vidole, kisha figo zikadhoofu, akalazwa tarehe 20 Februari 2023, na tarehe 3 Machi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akavuta pumzi ya mwisho, mkono wake ukiwa mikononi mwa fundi wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira yao, majirani waliotupikia bila kuombwa, wafamasia wenzake, na makumbusho, ambayo jana yalitupigia simu kusema kwamba mwanafunzi mmoja amezitambua mbili kati ya zile kumi na tisa.

Pumzika sasa, dada yetu, kwa amani. Zimebaki kumi na saba, na watu wanazifanyia kazi.